Korongo Mwenye Mdomo wa Bata

Shangazi yangu hufuma sweta bila kuziona. Si kwamba anafumba macho. Mashine yake ndivyo ilivyo: ina sindano mia mbili zilizolala safu moja kama meno ya kitana kirefu, na upande wa sweta unaomtazama fundi ni ule wa nyuma, wenye nyuzi zinazokatiza huku na huku. Upande wa mbele, wenye picha, unatazama ukuta. Kwa hiyo mpaka kipande kishushwe, ukuta unajua mengi kuliko fundi.

Zamani nilimuuliza anavumiliaje.

"Maswali," akasema, "hata wewe mgongo wako huuoni, na bado unauogesha."

Maswali ni mimi. Nina jina lingine, lakini linakaa kwenye rejista ya shule na halina haraka ya kutoka huko. Niko kidato cha tatu. Naishi na Shangazi na mama yake, yaani Bibi yangu, kwa sababu shule iko jirani na baba na mama wanahamishwa-hamishwa kikazi kama kete za chesi.

Chumba cha kazi ndicho kikubwa kuliko vyote nyumbani kwetu. Mashine iko chini ya dirisha. Kulia kuna rafu za uzi wa sufu uliozungushwa kwenye koni za karatasi ngumu, na mlangoni kuna kiti cha Bibi na redio yake. Juu ya sindano hupita kisukumizi cha chuma tunachokiita gari, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi: krrrap, krrrap. Mimi hufanyia kazi za shule humo humo, sakafuni. Siku gari lisipolia, hata hesabu zangu hazitoki.

Shangazi ana miaka arobaini na tisa. Alianza kwa kumshikia Bibi uzi akiwa mdogo, akaja kuajiriwa kwenye kiwanda cha sweta, na kiwanda kilipofungwa akaondoka na mashine iliyokuwa imetupwa stoo kwa kukosa sindano kumi na saba. Alizitafuta sindano hizo kwa miaka miwili, moja hapa, tatu pale. Amenionyesha ni zipi. Ukiinama kidogo, zinang'aa tofauti na nyingine. Majirani wakimuuliza habari za kuolewa, huwajibu kwamba alikuwa anasubiri mwanamume mwenye sindano kumi na saba, na sasa hazihitaji tena.

Kuna jambo moja katika ufumaji wake ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo habari hii haina kichwa. Kila akimaliza mistari ishirini, huchukua uzi mwekundu wa pamba na kuupitisha ndani ya vitanzi vyote vya mstari ule, kisha anaendelea kama kawaida. Uzi huo si sehemu ya sweta, mwishoni unachomolewa. Kazi yake ni kungoja. Ukikosea huko mbele, unafumua mpaka kwenye uzi mwekundu, na hapo vitanzi vyote unavikuta vimekaa kimya kwenye foleni, hakuna aliyetoroka. Bila uzi huo, kufumua ni kama kushuka ngazi gizani: hujui ipi ndiyo ya mwisho. Anauita uzi wa kurudia.

Sasa laptopu. Ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa inahama, na fundi wa kompyuta wa mtaa wetu ndiye aliyeiwekea Linux, kwa sababu mfumo wake wa zamani ulikuwa unachukua dakika kumi kuamka, kama mimi Jumatatu. Fundi huyo tunamwita Zima-Washa. Ukimpelekea simu, redio, au hata feni, swali lake la kwanza ni lile lile: "Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Lakini ana mikono ya dhahabu. Alimtengenezea Shangazi programu ndogo: Shangazi anachora picha kwa vimraba vya rangi, kisha programu inamwonyesha mstari mmoja mmoja, mkubwa kabisa, namba ya mstari kushoto na vimraba vikienda hadi mwisho wa skrini kulia. Ili kwenda mstari unaofuata unabonyeza kitufe kile kirefu cha chini. Shangazi hukibonyeza kwa kiwiko. Mikono yake imejaa uzi na sindano, kwa hiyo laptopu imekaa juu ya kigoda pembeni yake, usawa wa kiwiko. Gari linalia krrrap, kiwiko kinashuka tap, macho yanasoma, vidole vinasogeza sindano za bluu mbele na za nyeupe nyuma, krrrap tena. Ukimsikiliza bila kumwangalia utadhani ni kiumbe mmoja mwenye viungo vingi.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule yetu alimwita Shangazi. Shule inabadilisha sweta. Nembo yetu ni korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, na mwalimu mkuu alitaka korongo huyo afumwe ndani ya sweta yenyewe, kifuani, si kushonewa kitambaa juu. "Kipande cha mbele tu, kama sampuli," alisema. "Niletee Ijumaa asubuhi, nikionyeshe kwenye kikao."

Shangazi alirudi nyumbani anatembea kama mtu mwenye viatu vipya. Alichora korongo siku tatu. Mdomo wake ulikuwa mstari mmoja tu wa vimraba, mwembamba kama sindano, ukielekea kulia. Mguu nao ulikuwa mwembamba, na katikati yake goti dogo la mstari mmoja.

Jumanne jioni akashusha kipande cha kwanza kwenye mashine, akakigeuza.

Mimi nilicheka. Najuta, lakini nilicheka, kwa sababu korongo alikuwa na mdomo wa bata. Mnene, butu, umekaa usoni kama kijiko. Na goti lake lilikuwa limevimba kama la mchezaji aliyepigwa teke.

"Shangazi, huyu kaumwa na nyuki?"

Hakucheka. Alikisogeza kipande karibu na dirisha, akakitazama, akakipeleka mbali na uso, akakileta karibu tena. Kisha akafumua mpaka uzi mwekundu, akaanza upya.

Jumatano alasiri nilipotoka shule, kipande cha pili kilikuwa mezani. Mdomo ulikuwa umepona, lakini shingo ilikuwa na nundu, na goti bado limevimba. Gari lilikuwa kimya. Shangazi alikuwa amekaa mikono mapajani, na hilo ndilo lililonitisha, maana mikono ya Shangazi haijui kukaa.

"Nasoma vimraba hivi," akaniambia taratibu, "naviona kabisa, Maswali. Nasogeza sindano kama nilivyoona. Halafu inatoka hivi."

"Labda ni kompyuta."

"Haya, itazame."

Nikaketi mbele ya laptopu, nikapitisha kidole kwenye kile kibati cha kuongozea mshale, nikapanda mistari, nikashuka mistari. Kila kitu safi. Mstari wa arobaini ni wa arobaini, wa hamsini ni wa hamsini. Nikabonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini, nikamtumia Zima-Washa, kisha nikampigia.

"Naona picha nzuri sana," akasema. "Ina tatizo gani?"

"Shangazi anasema inamwonyesha vibaya."

"Mmejaribu kuizima na—"

"Mara tatu."

"Mmebadilisha chochote? Mmeweka programu mpya, mmeidondosha, mmeimwagia chai?"

"Hapana," nikasema. "Hatujabadilisha kitu."

Zima-Washa akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, "Basi mwambie Shangazi yako labda apumzishe macho."

Simu ilikuwa kwenye spika. Shangazi alisikia.

Hapa lazima niwaambie habari ya Bibi. Bibi naye alikuwa mfumaji, na watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata. Alipofika miaka hamsini akaanza kukosea mistari. Alidhani ni taa, akabadilisha taa. Alidhani ni uzi, akabadilisha uzi. Alipokwenda hospitali, presha ya macho ilikuwa imeshakula sehemu kubwa, na iliyobaki ikafuata polepole. Sasa Bibi anaujua mchana na usiku, basi. Na Shangazi anatimiza hamsini mwaka ujao.

Jioni ile alimwambia Bibi, wala hakujua kwamba nasikia nikiwa jikoni. "Mama, kesho nitakwenda kumwambia mwalimu mkuu atafute mtu mwingine. Na mashine nitamuuliza yule dada wa cherehani kama anaitaka. Bora nimwachie mtu wakati bado naweza kumwelekeza."

Bibi alizima redio. Bibi hazimi redio hata nyumba ikiungua.

"Nipe hicho kitambaa," akasema.

"Kipi, Mama?"

"Hicho chenye nundu."

Nikatoka jikoni, maana sikuweza kujizuia, nikachungulia nyuma ya mlango. Bibi alikiweka kipande mapajani, akakigeuza upande wa nyuma, na vidole vyake vikaanza kutembea. Ufumaji wa rangi mbili, kwa asiyejua, una siri yake huko nyuma: rangi isiyotumika mbele hukatiza nyuma kama kamba, na urefu wa kamba hiyo ndio idadi ya vitanzi ilivyoruka. Bibi alikuwa anasoma kamba hizo. Alisoma mstari mmoja, akapanda wa pili, akarudi wa kwanza.

"Ulikuwa umelala?" akamuuliza Shangazi.

"Mama!"

"Hapa uzi umeruka vitanzi vitano. Juu yake, vitano, pale pale. Hapa tisa, juu yake tisa. Hawa ni mapacha." Akasogeza vidole. "Na mapacha wote wako upande huu mmoja. Upande mwingine mistari iko sawa, kila mmoja na sura yake."

"Ndiyo macho hayo, Mama."

"Macho gani? Mimi macho yalipoanza kunitoka nilikuwa nakosea kama kuku anavyodonoa, huku, kule, popote. Leo nazidisha kimoja, kesho napunguza vitatu. Sikuwahi kukosea kwa adabu namna hii." Akakikunja kipande. "Huyu aliyekosea hivi hakushindwa kuona. Ameona vizuri kabisa, mara mbili."

Shangazi akamwangalia. "Kwa hiyo ni nini?"

"Nitajuaje? Kipofu anaulizwa habari za skrini! Muulize mke mwenzangu huyo anayejificha nyuma ya mlango, yeye ndiye mwenye macho, na anakula bure."

Mke mwenzake ni mimi. Bibi anadai mimi na yeye tuliolewa na marehemu Babu, ila mimi nilichelewa harusi.

Usiku nililala nikiwaza neno moja: *mara mbili*. Kompyuta gani inakuonyesha kitu kile kile mara mbili, halafu mgeni akija inajifanya haijui? Ni kama mtoto anayemsumbua mama yake kutwa, jirani akiingia anatabasamu. Nikajiuliza: mimi nilipoitazama, nilifanya nini ambacho Shangazi hafanyi?

Alhamisi nilikimbia kutoka shuleni. Shangazi alikuwa amevaa nguo za kutokea, yuko mlangoni, anakwenda kwa mwalimu mkuu.

"Shangazi, mistari ishirini tu. Nakuomba. Fuma kama kawaida yako, mimi nikae niangalie. Sitagusa kitu."

"Maswali, hebu."

"Mistari ishirini, halafu nakusindikiza mwenyewe."

Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwalimu mkuu hana mabawa, utamkuta."

Akavua viatu, akakaa. Alikuwa amefumua kipande cha pili mpaka uzi mwekundu wa mstari wa arobaini, na vitanzi alikuwa amevirudisha kwenye sindano. Mimi nikakaa sakafuni mbele ya kigoda, mikono nimeikalia ili isijisahau, simu nimeiegemeza kwenye koni ya uzi, kamera wazi.

Krrrap. Tap. Namba arobaini na moja. Vimraba vikabadilika. Krrrap, tap, arobaini na mbili. Vikabadilika. Tulikwenda hivyo mpaka nikaanza kuogopa kwamba mashine imeamua kunitia aibu. Arobaini na tisa. Hamsini.

Krrrap. Tap. Hamsini na moja.

Namba ilibadilika. Vimraba vya kushoto vilibadilika. Vya kulia havikubadilika. Vilibaki vile vile vya hamsini, vimetulia, vina rangi nzuri, wala havitetemeki, na mtu yeyote mwenye akili timamu angevisoma na kuviamini.

"Usiguse!" nikapiga kelele. Shangazi akabaki na mikono hewani kama anayeporwa. Nikapiga picha kwa simu. Kisha nikanyoosha kidole kimoja, nikagusa kile kibati cha mshale, kidogo tu.

Vimraba vya kulia vikaruka vikakaa sawa.

Nikapiga picha ya pili. Nikaziweka pamoja, nikamwonyesha. Namba ile ile, hamsini na moja, na skrini mbili tofauti. Shangazi aliichukua simu, akaitazama muda mrefu. Halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea: alikaa chini sakafuni, na nguo zake za kutokea, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kuna nini?" Bibi akauliza. "Niambieni, mnanionea!"

"Ni kompyuta, Mama! Inadanganya upande mmoja!"

"Nilisema ana adabu."

Ndipo nilipoelewa. Mimi, na kila mtu mwingine duniani, tukikaa mbele ya kompyuta tunashika mshale kwanza. Mshale ukisogea, skrini inazinduka. Shangazi hashiki mshale. Shangazi ana kiwiko. Yeye peke yake ndiye anayeiacha skrini imetulia dakika nzima huku akisogeza sindano, kisha akaiamsha kwa kitufe kimoja.

Nikamtumia Zima-Washa picha zote mbili. Akapiga simu mwenyewe kabla sijaweka simu chini.

"Hizi umezipiga kwa simu?"

"Ndiyo."

"Aa! Na ile ya jana ulipiga kwa kompyuta yenyewe. Ndiyo maana. Picha ya skrini inapigwa huko ndani, kabla haijafika kwenye kioo. Ni kama kuikagua barua kabla hujampa mtu aipeleke, halafu ubishe kwamba haikuchanika njiani." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize vizuri. Jana nilikuuliza kama mmebadilisha kitu."

"Hatujabadilisha. Kweli."

"Hata sasisho?"

Jumapili, wakati Shangazi anapanga koni zake, laptopu ilileta kijidirisha kinachouliza kama tunataka kusasisha mfumo, na mimi, ninayependa kuona ile mistari ya kijani ikijaa, nilibonyeza *Ndiyo* bila hata kufikiri. Niliporipoti kwamba hatujabadilisha kitu, nilikuwa nasema ukweli wangu wote. Kwangu mimi kusasisha hakukuwa kubadilisha. Kulikuwa kama kufagia.

"Nilibonyeza mimi," nikasema. "Jumapili."

Nikamwangalia Shangazi. Alikuwa na haki ya kunirushia koni. Tangu Jumanne alikuwa amejiona anaelekea kwenye kiti cha Bibi, na chanzo ni kidole changu. Akatikisa kichwa tu.

"Kumbe kuku alikuwa wewe," akasema. "Endelea kumsikiliza."

Zima-Washa akaeleza. Kioo cha laptopu ile kina tabia ya kubana betri: kikiona hakuna kinachosogea, kinajilaza na kuendelea kuonyesha picha ya mwisho kinayoikumbuka, na kitu kidogo kikibadilika kinaamka kipande tu badala ya kuamka chote. Kiini kipya cha mfumo, yaani programu ya ndani kabisa inayoendesha vyote, kilichokuja na sasisho, kimeiwasha tabia hiyo, na kioo chetu hakiiwezi. Kinaamka nusu.

"Kama mimi Jumatatu," nikasema.

"Sasa fanyeni hivi. Zimeni kompyuta—"

"—na kuiwasha," mimi na Shangazi tukasema pamoja.

"Safari hii ina sababu!" akalalamika. Mpaka leo nadhani tulimuumiza kidogo. "Ikianza kuwaka shikilia kitufe cha juu kushoto, itakuletea orodha. Mstari wa juu ni kiini kipya. Ule wa chini yake ni cha zamani, cha kabla ya Jumapili. Mfumo haukifuti, unakiweka akiba, kipya kikisumbua urudi. Chagua hicho."

Shangazi alikuwa amesogea karibu na simu. "Ngoja. Unasema wakati inasasisha, iliacha cha zamani pale pale, kinangoja?"

"Ndiyo."

"Bila kuambiwa?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa."

Akanigeukia, uso umewaka kama wa mtoto. "Maswali, imeweka uzi mwekundu!"

"Uzi gani?" Zima-Washa akauliza. Akaelezwa. Akauliza tena, akaelezwa tena, na mara ya pili akasema "Ala!" kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba wamekuwa ndugu siku zote.

Tuliizima, tukaiwasha. Orodha ilitokea, nyeupe juu ya nyeusi. Shangazi alinizuia mkono, akashuka mstari wa pili mwenyewe, akabonyeza. Kisha akarudi kwenye mashine, akafumua tena mpaka kwenye uzi mwekundu wa arobaini, huku akisema polepole, "Njooni, njooni, hakuna aliyewafukuza." Vitanzi vyote vilikuwepo.

Alianza saa kumi na moja. Nilikaa sakafuni nikilinganisha kila namba na mchoro wake wa kwanza wa karatasi, na mara hii sikukalia mikono, ila sikuigusa laptopu. Hamsini na moja ilikuja ikiwa hamsini na moja, kushoto na kulia. Sitini. Sabini. Mstari wa mdomo ulipofika nilisimama kabisa. Krrrap, tap, na mstari uliofuata haukuwa na mdomo tena.

Kabla taarifa ya habari ya jioni haijaanza, kipande kilishuka. Shangazi hakukigeuza. Alikwenda nacho mlangoni, akakiweka mapajani mwa Bibi, upande wa nyuma juu, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa kusomewa matokeo.

Bibi alichukua muda wake. Alikohoa. Alirekebisha kiti. Vidole vilipanda mguu wa korongo, vikasimama kwenye goti, vikapanda shingo, vikatoka nje kwenye mdomo mpaka ncha.

"Mwembamba," akasema. "Unaweza kumchoma mtu." Kisha akawasha redio.

Ijumaa mwalimu mkuu alikikunja kipande na kukiingiza kwenye bahasha ya kikao kwa uangalifu, kama cheti. Sijui kikao kitaamua nini; wakubwa wa shule hukaa na jambo kama kuku na mayai. Shangazi hana wasiwasi. Jumamosi Zima-Washa alikuja, akaandika mstari mmoja wa amri kwenye ile skrini nyeusi, wa kukikataza kioo kujilaza, na sasa kiini kipya kinafanya kazi bila uongo. Alikunywa chai mbili. Alitaka kuona uzi mwekundu kwa macho yake.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Shangazi hospitali ya macho, kwa sababu Bibi alisema kwamba kompyuta kukosea si cheti cha afya. Daktari alipima presha ya macho yote mawili. Ni ya kawaida kabisa. Aje kila mwaka, kwa sababu ya historia ya mama yake, na amemwandikia miwani ya kusomea, ile nyepesi. Shangazi ameikubali kwa sharti kwamba tusimwite mwalimu. Bibi anamwita mwalimu.

Jana kijidirisha kilirudi: *Masasisho mapya yapo. Ungependa kusasisha sasa?* Kidole changu kilikuwa kimeshatoka kwenye kalamu.

"Wewe," Shangazi akasema bila kugeuka.

"Sijagusa!"

Alikata kipande cha uzi mwekundu, akakifunga kwenye bawaba ya laptopu, fundo moja. Akafungua ile orodha kwanza kuhakikisha kiini cha zamani bado kipo. Kipo. Akaandika tarehe kwenye daftari lake, chini ya mchoro wa korongo. Halafu akaniambia nibonyeze, na mistari ya kijani ikaanza kujaa.

Ilipowaka tena, alifuma mistari sita ya majaribio kwa mabaki ya uzi, kwa kiwiko, bila mshale, akaishusha na kumpelekea Bibi.

"Mapacha?" Shangazi akauliza.

Bibi alipitisha kidole mara moja tu.

"Hakuna," akasema. "Rudi kazini, mwalimu."